Jeshi la akiba halipangwi upya kwa kubadili jina

Mhariri,

Makala yenu kuhusu majeshi ya akiba ilidai kwamba Uingereza imekuwa ikibadili majina tu tangu 1908. Majina kweli yamebadilika: Territorial Force, kisha Territorial Army, TAVR (Territorial and Army Volunteer Reserve), Territorial Army kwa mara nyingine, na tangu 2014 Army Reserve. Ila anayehesabu majina peke yake haoni mambo mawili yaliyokuwa yakibadilika kila mara: sharti la kuitwa vitani, na umbali wa kituo cha mafunzo kutoka nyumbani kwa askari.

Waziri wa Vita Richard Haldane alirithi vikosi vya kujitolea vilivyojiendesha kila kimoja kivyake. Kuanzia 1 Aprili 1908 alivifunga pamoja katika divisheni 14 za askari wa miguu na brigedi 14 za wapanda farasi, zikiwa na mizinga, wahandisi na matabibu wake. Kasoro ilikaa kwenye mkataba. Askari alibanwa kulinda kisiwa chake tu. Kwenda ng'ambo ilikuwa hiari. Agosti 1914 waliokwisha kutia saini ya ng'ambo walikuwa wachache mno, na Kitchener, Waziri mpya wa Vita, ambaye hata hivyo hakuwaamini askari wa muda, akaunda jeshi jipya kando badala ya kulipanua lile lililokuwepo.

Machi 1939 serikali ilitangaza kwamba Territorial Army iongezwe maradufu. Kila kikosi kikaagizwa kizae pacha wake. Kwenye karatasi ni agizo la siku moja, lakini masajini na makoplo wenye ujuzi hawazaliwi kwa agizo: waligawanywa kati ya kikosi mama na pacha, silaha na wakufunzi hawakutosha, na vyote viwili vikabaki nusu nusu.

Somo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la 1967. Territorial Army ilifutwa, TAVR ikachukua nafasi yake, na idadi ya askari ikapunguzwa karibu nusu. Mara nyingi batalioni nzima ilishuka ikawa kombania moja ndani ya batalioni mpya. Hapo tatizo si hisia za nembo, ingawa wazee walilia sana juu ya nembo. Batalioni nne zikiwa moja, nafasi nne za ukamanda zinabaki moja, na maofisa wa kati hawaoni tena pa kupanda. Askari ambaye kituo chake kimefungwa anaambiwa aende mji wa jirani jioni baada ya kazi. Huyo hajiuzulu, anaacha tu kuhudhuria, na jina lake linakaa kwenye orodha hadi mtu akague.

Kisha kuna suala la kubadilishiwa kazi. Siku hizi askari wa akiba wa kikosi cha kawaida hutakiwa kutimiza takriban siku 27 kwa mwaka: 15 za kambi, zilizobaki ni wikiendi na jioni. Mpe mpiga mizinga kazi ya mawasiliano, na kozi ya wiki mbili tu inameza kambi yake yote ya mwaka. Akihitaji kozi mbili, ni miaka miwili kabla hajafanya zoezi na wenzake. Ukimbadilisha tena mwaka wa tatu, umelipia mafunzo ambayo hayatatumika.

Mwaka 1969 vikosi vingi vya ulinzi wa nyumbani vilikatwa hadi viini vya watu wanane. Mwaka 1971 serikali ikahitaji askari tena, na batalioni mpya zikachipushwa kutoka kwa wanane haohao. Angalau kiini kilibaki. Mwaka 1998 ulitangazwa uamuzi wa kushusha batalioni za miguu kutoka 33 hadi 15. Miaka mitano baadaye vita vya Iraki vikawadai askari wa akiba kwa maelfu, safari hii kwa wito wa lazima chini ya sheria ya 1996. Halafu 2013 likatangazwa lengo la askari 30,000 waliofunzwa ifikapo 2018, na tangazo hilohilo likafunga vituo kadhaa. Sijaona aliyeeleza vizuri jinsi mambo hayo mawili yanavyokwenda pamoja.

Kwa hiyo wanaopendekeza mgambo wetu wa Tanzania upangwe upya kwa mfano wa Uingereza wasituletee mchoro wa kamandi. Watuambie aliyehitimu mafunzo katani kwake atatembea umbali gani kwenda kwenye zoezi la kukumbushia, siku ngapi kwa mwaka, na nani atamlipa nauli. Watuambie pia kuhusu mwajiri. Uingereza ina sheria ya 1985 inayomlinda mwajiriwa asipoteze kazi akiitwa, na tangu 2014 mwajiri mdogo au wa kati hulipwa hadi pauni 500 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi aliyechukuliwa. Fundi gereji wa Ifakara mwenye vijana watatu, mmoja akiitwa kwa miezi sita, atafidiwa na fungu lipi la bajeti?

Msomaji wenu,
Morogoro