Ngome za Kasigau hazikusahaulika

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipoanza kufundisha mwaka 1979 na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Yapo mengi yaliyonikera nikayameza. Ule ukurasa mzima wa Jumapili kuhusu watafiti waliogundua "ngome zilizosahaulika" za Vita vya Kwanza vya Dunia huku Taita Taveta umenikwama kooni. Nimeurudia mara tatu, na kila nikifika kwenye neno hilo najiuliza: zimesahauliwa na nani?

Sina ugomvi na habari za Salaita, kilima cha karibu na Taveta kilichoshikwa na Wajerumani. Ni kweli kwamba tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikipanda kilima kile wakarudishwa kwa risasi. Ni kweli pia kwamba reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita na ikafika Maktau katikati ya mwaka 1915. Mwandishi wako amezieleza vizuri bunduki, mahandaki na mabomba ya maji. Ila alipofika Kasigau aliandika mistari minne tu: kuna kuta za mawe mlimani, zimejengwa bila udongo, zinaelekea upande wa reli, na wenyeji "hawana habari nazo".

Wenyeji hawana habari nazo! Mimi ni mwenyeji. Kuta hizo nilizichezea nikichunga mbuzi kabla sijajua kusoma, na nilipata kichapo kwa kuzikalia, kwa sababu nyanya yangu mzaa mama hakutaka mtu wa nyumbani mwake apumzike hapo. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliotawala ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, waliiteka Taveta, wakawa wanavuka nyika usiku kwenda kuilipua reli ya Mombasa. Mlima wetu umesimama peke yake kati ya nyika na reli, na aliyekaa juu aliiona nchi yote. Waingereza wakaweka kituo huku. Agosti 1915 Wajerumani wakakishambulia, na Waingereza wakasema sisi ndio tuliowaonyesha adui njia. Hapakuwa na kesi wala shahidi. Wakasigau walikusanywa, wanawake, wazee na watoto wachanga, wakapelekwa Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na maji ya chemchemi, walitupwa kwenye joto la pwani wakafa kwa malaria na njaa. Nyanya yangu alikwenda akiwa mgongoni mwa mamake. Alirudi mtu mzima, na kaka zake wawili wamezikwa huko mahali ambapo hakuna wa kutuonyesha. Desemba ya mwaka uleule Wajerumani waliushika mlima ukiwa hauna wenyewe. Hizo ndizo kuta zenu, Mhariri. Mnapiga picha mawe na kupima urefu wake, na wala hamuulizi ni kwa nini hapakuwa na mtu wa kuyaona yakipangwa.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilikuwapo. Watafiti wa kundi moja walipokuja kijijini miaka michache iliyopita, chifu alinituma niwapeleke kwa mzee mmoja ambaye babake alikuwa miongoni mwa waliorudi kutoka Malindi. Mzee alivaa koti lake la harusini. Alitoa viti vyote vilivyokuwa ndani, yeye akakalia kinu kilichoinamishwa. Waliweka kinasa sauti juu ya stuli mbele yake, taa yake nyekundu ikiwaka, wakamuuliza kama amewahi kuona mizinga, au magurudumu, au maganda ya risasi. Alijibu moja baada ya jingine. Kisha akasema, "Sasa niwaeleze jinsi tulivyochukuliwa." Kijana mmoja akanyoosha mkono, akabonyeza, taa ikazimika. Mzee hakujua maana ya taa ile. Aliendelea kusimulia kwa muda wa kama saa nzima, akitaja majina ya waliokufa ukoo kwa ukoo, na wale wageni walikuwa wakiitikia kwa vichwa huku wakifunga mikoba yao. Mimi nilijua. Sikusema neno, kwa sababu walikuwa wageni na kwetu mgeni haaibishwi mbele ya mwenyeji wake. Nimeijutia heshima ile hadi leo. Mzee ameshatangulia, na majina yale hayapo popote isipokuwa yale machache ninayoyakumbuka mimi.

Kisha kuna jambo la ramani. Mmechapisha mahali hasa zilipo ngome, kwa vipimo ambavyo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuvifuata. Sasa wachimbaji wamekuja na pikipiki na majembe. Nimewakuta mwenyewe, vijana wawili wasiojulikana kijijini, wakiwa na gunia la maganda ya risasi waliyoyafukua chini ya ukuta. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Walikuwa wameuangusha ukuta kiasi cha hatua kumi. Nilipowatisha kwa sheria walicheka, na kusema kweli sheria yenyewe inawapa nguvu. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kuwa cha kale ikiwa kilikuwapo kabla ya mwaka 1895. Mlango wa Lamu umelindwa ukiwa ulichongwa kabla ya 1946, na hilo ni jema. Lakini ukuta wa 1915 hauna ulinzi mpaka waziri autangaze kwa jina, na wa Kasigau sijasikia umetangazwa.

Na tukiwa hapo hapo, nendeni Voi kwenye makaburi ya vita. Luteni Dartnell wa jeshi la Waingereza, aliyeuawa karibu na Maktau Septemba 1915, ana kaburi na jina, na anastahili. Wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi cha Waafrika wabeba mizigo wa jeshi (Carrier Corps), waliombebea risasi na unga wako wapi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wengi waliofia vita vile hawakupewa kaburi wala jina, ikaomba radhi. Niliisoma radhi hiyo katika gazeti lako hili. Tangu hapo sijaona jiwe jipya hata moja upande wetu.

Naomba mambo matatu. Uchapishe ukurasa ule upya bila vipimo vya ramani na bila neno "zilizosahaulika". Pili, mtafiti yeyote anayepewa kibali cha kuupanda mlima wa Kasigau akae kwanza siku moja nzima, asubuhi hadi jioni, na wazee wa Bungule, Rukanga na Makwasinyi, kinasa sauti kikiwa kimewashwa mpaka mzee mwenyewe aseme amemaliza. Tatu, kanda hiyo na ripoti yake, kwa Kiswahili, viachwe katika shule ya msingi iliyo karibu, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo akae nao mwalimu mkuu.

Nina daftari la kurasa tisini na sita lenye majina kumi na manne ya waliofia Malindi. Mzee yule alitaja mengi zaidi. Bado wapo akina mama wawili huku ambao wazazi wao walizaliwa uhamishoni, na mmoja ameanza kupoteza macho. Ukimtuma mwandishi, ashuke Rukanga aulize nyumba ya mwalimu. Nitampeleka kwa akina mama hao kwanza, mlimani baadaye.

Mwalimu mstaafu,
Kasigau, Taita Taveta