Mwaka ulioandikwa kwenye bastola ile si mwaka wa kutengenezwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie picha ya bastola ya kale mliyoichapisha Jumapili iliyopita. Maelezo yaliyo chini ya picha yanasema ni Colt "iliyotengenezwa mwaka 1843", na kwamba mwaka huo unasomeka wazi kwenye silinda yake, yaani kile chuma kinachozunguka chenye vyumba vya risasi. Kusomeka unasomeka, hilo halina ubishi. Ila hauhusiani kabisa na siku bastola ile ilipotoka kiwandani.

Nakshi iliyozunguka silinda ile ni ya meli za kivita zikirushiana mizinga. Ni mapigano ya majini ya Campeche, kati ya wanamaji wa Texas, wakati huo ikiwa nchi inayojitegemea, na wanamaji wa Meksiko. Mei 16, 1843 ndiyo siku walipopigana. Samuel Colt aliitumia picha hiyo kupamba silinda ya bastola tunayoiita 1851 Navy, ambayo kiwanda chake kilianza kuitengeneza mwaka 1850 na kuendelea nayo hadi 1873. Zilitoka zaidi ya 200,000, na nakshi ya silinda ikabaki na tarehe ileile. Iliyotengenezwa 1852 inasema 1843, na ya 1870 inasema 1843.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika ghala la makumbusho, nikiandika kadi za silaha za kale: jina la kiwanda, namba, chapa zote zinazoonekana, hali ya mtutu, hali ya kitako. Kila anayeleta silaha huuliza kwanza ni ya mwaka gani, na mara nyingi anakuja na jibu lake tayari, kwa sababu ameona tarakimu nne zilizogongwa kwenye chuma akaziamini. Ndiyo maana naandika. Gazeti likichapisha mwaka usio wa kweli, mwaka huo unakatwa na mkasi, unabandikwa kwenye fremu, unaingia katika hati za urithi na za mauzo, na kuung'oa humo ni kazi kubwa kuliko kuusahihisha leo.

Kuna mzee mmoja aliyeniletea bastola iliyofanana na hiyo yenu kwa kila kitu: meli, mawimbi, tarehe. Nikaigeuza juu chini, nikashusha ule mkono wa kushindilia risasi ulio chini ya mtutu, nikamulika kwa kurunzi kutoka ubavuni, maana mwanga wa mbele huficha chapa zilizofifia. Pale mkono unapojificha palikuwa na nyota ndogo, herufi PN, na kisanduku chenye XXI. PN ni kifupi cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya baruti nyeusi. Namba ya Kirumi ndani ya kisanduku ni mwaka mtutu ulipopimwa uimara, kwa hesabu ya Waitaliano inayoanza na I kwa mwaka 1945; kwa hiyo XXI ni 1965. Ilikuwa nakala, tena nakala nzuri, iliyopimwa Gardone Val Trompia, bonde la mafundi wa bunduki karibu na Brescia. Italia imezitoa nakala za namna hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mzee alisikitika, nami nilimhurumia, lakini alirudi nyumbani akijua ana kitu gani.

Sisemi bastola ya kwenye picha yenu ni nakala. Kwa picha ya upande mmoja hakuna anayeweza kusema. Anachotakiwa kufanya mwenyewe ni kutazama namba. Colt halisi ya aina hiyo ina namba ya mfululizo kwenye mtutu, kwenye mwili wa bastola, kwenye kinga ya kifyatulio na kwenye ukanda wa chuma wa mpini. Zote zikiwa moja, ndipo orodha za namba zinapoweza kumpa mwaka. Zikipishana, bastola hiyo imeunganishwa kwa vipande vya bastola mbili au tatu, na kila kipande kina umri wake. Mpaka hilo lifanyike, maelezo sahihi ni "kati ya 1850 na 1873, kama si nakala", nami naomba myachapishe hivyo.

Tarehe za kwenye chuma zimewachanganya watu wengi kwa njia nyingine pia. Bunduki za Winchester na bastola za Colt mara nyingi hubeba tarehe za hataza, yaani siku serikali ya Marekani ilipomtambua mvumbuzi. Winchester ya modeli ya 1894 ina hataza ya Agosti 21, 1894, na modeli hiyo iliendelea kutengenezwa Marekani hadi 2006. Jina la modeli nalo si mwaka wa silaha iliyo mkononi mwako. Halafu kuna bastola za Luger za jeshi la Ujerumani zenye miaka miwili juu ya chemba, kwa mfano 1917 na 1920. Huo wa pili ni chapa ya mali ya serikali, iliyogongwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye silaha zilizokuwa zimeshatumika. Ukiniuliza swali moja la kujiuliza mbele ya mwaka wowote uliogongwa kwenye bunduki, ni hili: uligongwa kwa ajili ya nini, na nani?

Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, inafundisha vizuri zaidi. Tazama upande wa kulia, kwenye pete ya chuma inayoshika kitako. Utaona taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda kama Enfield au BSA Co, na mwaka. Huo ni mwaka halali wa mwili wa bunduki, yaani kile chuma cha katikati ambacho mtutu hufungwa kwake. Mtutu una tarehe yake, na jeshi lilibadilisha mitutu kila ilipochakaa, kwa hiyo mwili wa 1916 wenye mtutu wa miaka mingi baadaye ni jambo la kawaida kabisa. Mwenye nayo asiseme ni feki. Ni bunduki iliyofanya kazi.

Bunduki za Mosin-Nagant za Ufini, zile za modeli ya M39, zimekwenda mbali zaidi. Wafini walijenga bunduki mpya juu ya miili ya zamani ya Kirusi. Juu ya mtutu utasoma miaka ya 1940, lakini ukiitoa kwenye mti na kutazama chini ya ule mkia wa mwili wa bunduki unaweza kukuta mwaka wa miaka ya 1890. Kwa Marekani tofauti hiyo ina uzito wa kisheria: sheria ya silaha ya mwaka 1968 inaitambua kama ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na kinachohesabiwa ni mwili wa silaha. Mwaka mmoja tu unaitoa bunduki upande huu wa sheria na kuipeleka upande ule. Nchi nyingine zina mipaka yake, na mwenye silaha aisome ya nchi yake kabla ya kununua, kuuza au kusafirisha.

Viwanda vingine viliuficha mwaka kwa makusudi. Bunduki za Mauser za Ujerumani zenye S/42, alama ya siri ya kiwanda, na herufi K ni za 1934, zenye G ni za 1935. Kuanzia 1936 mwaka ukaandikwa wazi. Kiwanda cha Remington cha Marekani kilitumia herufi za BLACKPOWDERX kwa miezi kumi na miwili, B ikiwa Januari na X Desemba, ikifuatiwa na alama ya mwaka, na ikumbukwe kwamba zinataja mtutu, si bunduki nzima. Nyumba za majaribio za Ujerumani Magharibi, yaani ofisi zinazopima uimara wa mitutu, nazo, tangu miaka ya 1950, zilitumia herufi mbili badala ya tarakimu, A kwa sifuri, B kwa moja, mpaka I kwa nane na K kwa tisa, J ikirukwa. Chapa ya HG ni 76. Mimi nazipenda chapa za majaribio kuliko kitu kingine chochote kwenye silaha, kwa sababu zinagongwa na mtu asiye na haja ya kuuza: amejaza baruti kuliko kawaida, amefyatua, mtutu haukupasuka, ameweka muhuri wake.

Baada ya chuma huja daftari. Vitabu vya kiwanda cha Winchester, pamoja na vya Marlin, vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya silaha yaliyoko Cody, Wyoming, ingawa si kwa kila modeli na kila namba. Colt wana hifadhi yao wenyewe. Unapeleka namba, unalipa ada, unaletewa barua. Isome barua hiyo kwa makini. Ya Colt kwa kawaida hutaja siku silaha ilipopelekwa kwa mnunuzi, na silaha inaweza kuwa imelala ghalani kabla ya hapo. Ya Cody inaweza kutaja siku namba ilipogongwa, siku ilipoingia bohari na siku ilipoondoka, na siku hizo hupishana. Anayetaka kuandika mwaka kwenye kadi aandike pia ni siku ipi kati ya hizo anayoitaja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wakusanyaji tu. Sikubali. Bunduki za Marekani za Springfield M1903 zenye namba chini ya 800,000, za kiwanda cha Springfield, chuma chake kilichomwa motoni ili kiwe kigumu enzi ambazo fundi alipima joto kwa macho, na baadhi ya miili yake ilikuwa mikavu kiasi cha kuvunjika inapofyatuliwa. Bastola na bunduki za enzi ya baruti nyeusi zimepasuka mikononi mwa watu waliozitilia risasi za baruti isiyo na moshi, iliyo kali zaidi. Anayekosea mwaka anaweza kukosea risasi.

Nawaomba pia wasomaji wenye silaha za urithi wasiziguse kwa msasa wala brashi ya waya ili "mwaka utokee". Chapa ya majaribio ina kina kidogo sana, na ikishasuguliwa imekwenda. Kitambaa laini na mafuta mepesi vinatosha, kisha mwanga wa ubavuni na lenzi. Na kabla ya hayo yote, kama ni gobore, pitisha fimbo ya mti polepole ndani ya mtutu, wewe ukiwa umesimama pembeni na mdomo wa mtutu ukielekea pasipo na mtu. Tia alama mahali fimbo inapoishia kwenye mdomo, itoe, uilaze juu ya mtutu kwa nje uone imefika wapi. Ikikomea mbali na mwisho wa mtutu, ndani mna kitu, na baruti ya zamani bado inawaka. Hapo iache ilipo, usihangaike na namba, umwite fundi wa silaha mwenye leseni.

Wako,
Mwandishi mstaafu wa kadi za silaha za kale