Kioo cha alumini kinatoka kwenye msasa, si kwenye polishi

Wiki haipiti bila mtu kuingia karakanani kwetu Gerezani, Dar es Salaam, na kava la tapeti (kile kifuniko cha juu cha injini) amelifunga kwenye gazeti, uso umemshuka. Kanunua polishi ya tyubu, kasugua Jumamosi nzima, na kava kweli linang'aa. Lakini ukilitoa nje juani, mikwaruzo inameta kila upande kama konokono wamepita usiku. Swali ni lilelile: "Fundi, polishi gani nzuri?" Polishi yake haina ubaya. Aliruka msasa.

Seremala analijua hili bila kufundishwa: vanishi haifichi ubao usiopigwa msasa, inauanika. Polishi ya chuma nayo inaondoa mikwaruzo myembamba tu, ile iliyoachwa na msasa namba 1500 au 2000 (namba ikipanda, punje za msasa ni ndogo zaidi). Mkwaruzo wa namba 240 kwake ni mfereji. Itaung'arisha mfereji huo mpaka chini, basi.

Kabla ya yote, hakikisha ulichoshika ni alumini. Magari mengi ya siku hizi yana kava au manifodi (mabomba ya kupitishia hewa kwenye injini) ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na tumeshaletewa moja ambayo mwenyewe alikuwa ameshaianza. Kuna pia magnesiamu, ambayo sumaku haiishiki kama ambavyo haiishiki alumini. BMW kwa mfano waliitumia kwenye bloku ya injini yao ya N52. Vumbi la magnesiamu linawaka, tena vibaya. Kwangua rangi kidogo upande wa chini na dondoshea siki: ikitoa mapovu papo hapo, liache hilo kava kama lilivyo.

Rangi itoe kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi. Kostiki ya kutengenezea sabuni tunawaomba msiiguse. Ni kweli inakata grisi vizuri, lakini inakula na alumini yenyewe. Yale mapovu yanayochemka ni hidrojeni, gesi inayolipuka, na kava linatoka jeusi lenye vishimo. Mteja mmoja alililaza lake usiku kucha ndani ya ndoo. Asubuhi matundu ya bolti yalikuwa yamepanuka, hatukuwa na cha kumsaidia.

Sasa msasa. Kava lililomiminwa kwenye mchanga lina uso kama ganda la chungwa, anza na namba 120. Lililotoka kwenye kalibu ya chuma ni laini zaidi, 320 inatosha. Kisha panda ngazi: 240, 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Tumia msasa wa maji na tone la sabuni ya vyombo, maana alumini ni laini, inajaza msasa haraka, na vile vibonge vinavyoganda ndivyo vinavyochora mistari mipya. Kila ukibadilisha namba, badilisha na mwelekeo. Kama 240 ulipiga kwa urefu, 320 ipige kwa upana, usihame mpaka mistari yote ya urefu imekwisha. Suuza kava na ndoo kila mara, kwa sababu punje moja ya 240 iliyobaki kwenye maji inaharibu kazi ya 1000. Ukiruka kutoka 240 kwenda 800 ili kuokoa muda, utasugua 800 mpaka usiku na mistari itakuwa inakutazama.

Kwa mkono, kava la silinda nne linakula siku nzima. Hapo ndipo wengi wanapotupigia simu, na hatuwalaumu.

Baada ya 800 au 1000 sisi tunahamia kwenye mota yenye magurudumu ya kung'arishia. Gurudumu la kwanza ni la katani (watu wa Tanga hucheka tukiwaambia tumelinunua kama kifaa cha nje), na dawa ya kung'arishia ya kahawia inayoitwa tripoli. Linafuata la pamba iliyoshonwa, mwisho pamba isiyoshonwa na dawa nyeupe. Kila dawa ina gurudumu lake, hazichanganywi. Mwishoni tunapangusa kwa unga wa ngano na kitambaa safi. Unga unanyonya ile grisi nyeusi ya dawa, na hapo ndipo unapoanza kuona meno yako kwenye kava.

Nyumbani unaweza kutumia drili na gurudumu dogo la pamba. Ila usiipeleke alumini kwenye jiwe la kawaida la kunolea: inaziba jiwe, jiwe linapata moto, na linaweza kupasuka usoni pako. Vaa miwani na barakoa, na glavu za kitambaa ziweke mbali na kitu kinachozunguka.

Kinachotuumiza kichwa zaidi ni ndani ya kava. Chini kuna bati la kuzuia oili, na vumbi la msasa likijificha pale litashuka na oili mpaka kwenye beringi. Bati likifunguka, lifungue. Lisipofunguka, ziba kila tundu kabla hujaanza, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatoke meupe. Uso unaokalia gasketi usiupige msasa kabisa. Kava linalong'aa huku linavujisha oili ni aibu ya fundi.

Tuwe wakweli: mng'ao huu haukai wenyewe. Alumini ikikutana na hewa inavaa ngozi nyembamba, na kwa chumvi ya baharini, mkazi wa Kigamboni ataanza kuona ukungu mapema kuliko wa Dodoma. Usipake vanishi ya kawaida ukidhani utaufungia humo, joto la injini litaigeuza njano na kuibandua. Pitisha polishi kidogo kila mwezi, kava likiwa limepoa.

Ukituletea, toa gasketi na kifuniko cha oili ubaki navyo. Bolti zije kwenye mfuko wake, na tuambie kama kava limewahi kuchomelewa, kwa sababu pale penye welding rangi ya alumini hutofautiana na hakuna msasa unaoificha.