Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Naheed Nenshi: Jimbo lako liliwahi kupiga kura kwa namba

Kwa Mheshimiwa Naheed Nenshi,
Mbunge wa Edmonton-Strathcona na Kiongozi wa NDP (chama cha New Democratic),
Bunge la Alberta, Edmonton, Kanada.

YAH: HISTORIA YA JIMBO LAKO, NA SWALI MOJA

Shikamoo Mheshimiwa. Umezaliwa 1972, mimi nimekuja nyuma yako, kwa hiyo salamu itangulie vyeo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wazazi wako walihamia Kanada kutoka Tanzania, na Waswahili wa mji huu wanakutaja kama mtoto wa dada yao, hata wale wasiokipenda chama chako. Wakati wa uchaguzi mdogo wa Juni 23, 2025 walikuwa wakibishana kwenye simu kama ni halali mtu wa Calgary, tena aliyekuwa meya wa Calgary kwa miaka kumi na moja, kuja kuchukua kiti cha Edmonton. Ukakichukua kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Ubishi ukaisha, angalau huo. Mimi kura yangu ni siri, ila nimo ndani ya jimbo lako, kusini mwa mto, na nina haki ya kukuuliza jambo kuhusu kura ya namba, ile ya kupanga wagombea 1, 2, 3.

Kabla ya swali, nivumilie nikueleze jimbo lenyewe lilivyopita mikononi mwa watu. Najua unayo maktaba ya Bunge. Lakini mbunge anayeingia kwenye kiti salama hana shida ya kusoma historia ya kiti hicho. Shida tunayo sisi wapiga kura.

Strathcona ilianza kwa ubahili wa kampuni ya reli. Reli ya kutoka Calgary ilifika mwaka 1891 ikakomea ukingo wa kusini wa mto North Saskatchewan, kwa kuwa daraja lilikuwa ghali, na Edmonton yenyewe ilikuwa ng'ambo. Pale treni ilipokomea pakaota mji wake. Mwaka 1899 ukapewa jina la Lord Strathcona, yaani Donald Smith, tajiri wa reli na wa kampuni ya Hudson's Bay. Kusini kidogo ya hapo ndipo ilipokuwa ardhi ya Wakrii wa Papaschase, waliyoondolewa kwa hati ya 1888 yenye sahihi chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Watu wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili kama hao, wenye hadhi ya mkataba hawakuruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa Alberta mpaka 1965. Kwa hiyo nikisema hapa chini kwamba "watu wa Edmonton walichagua", weka hilo akilini.

Alberta ilipozaliwa 1905 kama mkoa wa Kanada, Bunge lake likiwa na viti 25, Strathcona ilikuwa jimbo kamili na mbunge wake akawa waziri mkuu wa kwanza: wakili Alexander Rutherford. Huyu alijua kiti kinatumikaje. Edmonton ilishapata makao makuu, Calgary ikakaa ikisubiri chuo kikuu kama kifuta jasho, na Rutherford akakipeleka chuo Strathcona, jimboni kwake, mwaka 1908. Calgary haikuwa na chuo kikuu chake kinachojitegemea mpaka 1966. Wewe uliyesoma huko nadhani ulisikia manung'uniko ya wazee.

Lakini fadhila za jimboni hazidumu. Mwaka 1910 kashfa ya dhamana ya serikali kwa reli ya Alberta and Great Waterways ilimng'oa kwenye uwaziri mkuu. Mwaka 1912 mji wa Strathcona uliunganishwa na Edmonton. Katika uchaguzi wa 1913 jimbo lilikuwa limegeuka kuwa Edmonton South, na mwasisi wa chuo akashindwa na Herbert Crawford wa Conservative, kwenye ardhi ile ile aliyoijengea.

Sasa nafika kwenye sehemu iliyonifanya niandike.

Mwaka 1921 mipaka ya ndani ya mji ilifutwa. Edmonton nzima, kusini na kaskazini ya mto, ikawa jimbo moja lenye wabunge watano, na kila mpiga kura alikuwa na alama tano za kuweka. Matokeo: viti vyote vitano vilikwenda kwa Liberal. Mmoja wao alikuwa Nellie McClung, mwanamke aliyepigania kura ya wanawake mpaka ikapatikana hapa 1916, na hilo ni la kujivunia. Ila waliowapigia Labour, Conservative na chama cha wakulima, UFA, walikuwa maelfu, na wakarudi nyumbani bila mbunge hata mmoja wa mjini kwao.

Serikali ya wakulima iliyoingia mwaka huo ilibadilisha sheria 1924. Kuanzia uchaguzi wa 1926, jimbo liliendelea kuwa moja lenye wabunge watano, lakini mpiga kura hakuweka tena alama za mkasi (X). Aliandika namba: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, 3, mpaka achoke. Mgombea aliyefikisha zaidi ya sehemu moja ya sita ya kura alipita, na kura zake za ziada zikahamia kwa chaguo la pili la wapiga kura wake. Aliyekuwa mkiani aliondolewa, kura zake nazo zikahama. Hivyo mpaka viti vijae. Haikuwa lazima uwe chama kikubwa. Ilitosha uwe na watu wa kutosha wanaokutaka.

Tazama kilichotokea. Mji ule ule, viti vile vile vitano. Mwaka 1926 walipita John Lymburn wa UFA, Warren Prevey wa Liberal, Charles Weaver na David Duggan wa Conservative, na Lionel Gibbs wa Labour. Vyama vinne. Sidhani watu wa Edmonton walibadilika tabia ndani ya miaka mitano. Kilichobadilika ni karatasi ya kura.

Utaratibu huo uliendelea mpaka 1955, na viti vya mji vikafika saba. Katika Bunge lililochaguliwa 1952, waziri mkuu Ernest Manning wa Social Credit alikuwa mbunge wa Edmonton. Kiongozi wa Liberal, Harper Prowse, alikuwa mbunge wa Edmonton. Elmer Roper, kiongozi wa CCF, chama kilichozaa NDP yako, alikuwa mbunge wa Edmonton. Wote watatu kutoka jimbo moja, kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na watu wake halali nyuma yake. Mwananchi wa karibu na Whyte Avenue, barabara ya huku Strathcona, aliyekuwa na malalamiko dhidi ya serikali hakulazimika kumpelekea waziri mkuu mwenyewe. Alikuwa na mbunge wa upinzani wa kumwendea, naye akiwa mbunge wake kweli kweli. Nimejaribu kuwaeleza hilo jamaa zangu wa Tanga na hawaniamini. Kwetu mtu aliyeshindwa jimboni ameshindwa, na faraja pekee ni viti maalum vya wanawake, ambavyo angalau vinagawiwa vyama kwa kuangalia kura.

Halafu mwaka 1955 Social Credit ikatetereka. Ilipata viti 37 kati ya 61, Liberal 15, na upinzani ukapata sauti ambayo Manning hakuizoea. Mwaka uliofuata serikali yake ilifuta kura ya namba. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kura nyingi zinaharibika. Inawezekana zilikuwa zinaharibika. Lakini tazama mavuno: katika uchaguzi wa 1959, wa kwanza kwa utaratibu mpya, Social Credit ilipata asilimia 56 hivi ya kura na viti 61 kati ya 65. Edmonton ilikatwakatwa vipande vya mbunge mmoja mmoja, na vyote vikaenda chama tawala. Upande wetu wa mto ukazaa Strathcona Centre, Strathcona East na Strathcona West. Manning mwenyewe akahamia Strathcona East. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa, jimbo lako kwa sura yake ya leo ni mtoto wa uamuzi ule. Strathcona Centre ndiyo iliyokuja kuitwa Edmonton-Strathcona mwaka 1971.

Yaliyofuata unayajua, nitayapita haraka. Julian Koziak wa Conservative alikaa tangu 1971 mpaka 1986, akaangushwa na Gordon Wright wa NDP. Wright alifariki akiwa mbunge, 1990, na Barrie Chivers akakirithi kiti kwa uchaguzi mdogo. Mwaka 1993 Al Zariwny wa Liberal akakichukua, na 1997 Raj Pannu, profesa mzaliwa wa Punjab, akakirudisha NDP kwa tofauti ndogo mno. Tangu siku hiyo hakijatoka. Rachel Notley alikishika tangu 2008 mpaka mwisho wa 2024, na kati ya hapo akawa waziri mkuu. Huyu ni wa pili kutoka Strathcona, ukimhesabu Rutherford, na wa tatu ukimwingiza Manning wa Strathcona East.

Kiti kilichokuwa kikipiganiwa mpaka kura ya mwisho sasa ni cha kupewa. Usinielewe vibaya, sikulaumu kwa kukipokea. Kiongozi wa chama lazima aingie bungeni kwa mlango fulani. Lakini fikiria uchaguzi mkuu wa 2023. Chama chako kilichukua viti vyote 20 vya Edmonton. UCP, chama tawala, ilipata kura za maelfu kwa maelfu katika mji huu na haikupata kiti hata kimoja. Ukienda vijijini unakuta kinyume chake: watu wenu wako huko, wanajitokeza kila uchaguzi, na hawana mbunge. Hiyo ni 1921 imerudi, tofauti ni kwamba safari hii wanaofaidika mjini ni nyinyi.

Na nyinyi mlishakuwa na nafasi. NDP ilitawala tangu 2015 mpaka 2019, ikiwa na viti 54 kati ya 87 kwa asilimia 40 na kidogo ya kura. Chama ambacho kwa miaka mingi kililia kwamba utaratibu huu unakinyima haki, kiliposhika serikali hakikuugusa. Hakikuwa cha kwanza duniani kufanya hivyo. Chama kikiwa upinzani hulia na mizani, kikishinda huisifu.

Najua utajibiwa nini na washauri wako. Kwamba watu wanataka mbunge wao mmoja, wa mtaani, anayejulikana ofisi yake iko wapi. Ni hoja ya kweli na siidharau, hasa kwa wageni kama sisi, ambao mara nyingi tunamjua mbunge kwa sababu ya karatasi za uhamiaji tu, ingawa hizo si kazi ya Bunge la Alberta. Kwa wilaya za kaskazini zenye kilomita zisizohesabika, hoja hiyo ina uzito zaidi, na nisingependa mtu wa Fort Chipewyan aongezewe mwendo. Ila mjini? Kutoka Strathcona mpaka katikati ya mji ni kuvuka daraja la High Level. Edmonton iliishi na jimbo moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Ireland na Malta zinatumia kura ya namba mpaka leo na wananchi wake hawajapotea njia ya kwenda kwa mbunge. Hoja ya kura kuharibika nayo imezeeka: karatasi yenye namba 1 peke yake ihesabiwe, kazi imekwisha.

Sheria imeshaongeza viti vya Bunge kutoka 87 hadi 89, na kelele zote nilizosikia ni za mstari upite wapi: mtaa gani uende na mtaa gani, nani apoteze, nani apate. Ni kelele zilezile za 1905. Wakati huo viongozi wa Calgary walilalamika kwamba ramani imechorwa kuipendelea Edmonton, na hawakuwa wakiota. Katika makelele hayo sijamsikia mtu mwenye wadhifa akisema kwamba mji huu uliwahi kuishi bila mistari hiyo ya ndani na haukuanguka.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Je, kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2027, utaandika katika ilani ya chama chako kwamba serikali yako itairudisha kura ya namba na majimbo ya wabunge wengi Edmonton na Calgary? Sikuombi tume nyingine ya kukusanya maoni, wala kamati. Nauliza kama litaandikwa au halitaandikwa.

Nakuuliza wewe na si mbunge mwingine kwa sababu mwenye kiti chembamba ana kisingizio, wewe huna. Kwa utaratibu wa 1926 ungepita kwenye hesabu ya kwanza, kabla chai haijapoa. Unachoweza kupoteza si kiti chako. Ni baadhi ya viti vingine 19 vya chama chako mjini humu, ambavyo huenda vingegawanywa na wengine. Na unachoweza kupata ni wabunge wa chama chako Calgary katika mitaa ambako hawajawahi kupata kitu.

Kama jibu ni hapana, naomba pia uliseme hadharani na sababu zake. Unaweza kulijibu kwenye mkutano wa wazi upande huu wa mto, siku ya Jumamosi ili wenzetu wa zamu za hospitali na maghala waweze kuja. Wengi wetu tutauliza kwa Kiingereza. Mzee mmoja au wawili watauliza kwa Kiswahili, na hao wana maswali marefu kuliko mimi.

Wako,
Mpiga kura wa Edmonton-Strathcona, mzaliwa wa Tanga