Zohali iko utosini, Zuhura baharini

Pangani, 10 Septemba 2025

Swahiba Salimu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, na bibi anauliza utakuja lini kula samaki wake.

Uliniuliza kwenye simu nimejuaje kama ile nuru ya angani ni sayari, si nyota. Huko Dar mataa yamewaharibia anga, lakini hapa hata mtoto anaijua. Nyota humetameta, sayari hutulia, isipokuwa ikiwa chini kabisa karibu na bahari. Nyota ziko mbali mno, kila moja ni nukta tu, kwa hiyo hewa ikitikisika kidogo nuru yake nayo inacheza. Sayari iko karibu, ina upana wake, haiyumbishwi upesi hivyo. Halafu sayari hazitoki nje ya njia ya jua, na kwetu huku karibu na ikweta njia hiyo inapita juu kwelikweli. Zohali, ile sayari yenye pete, siku hizi inachomoza baharini baada ya magharibi, na saa saba usiku iko utosini. Tandika mkeka ulale chali, ama shingo itakuuma. Pete zake usizitegemee. Zinataka darubini ya nyota, ya mkono haitoshi, na mwaka huu zimetugeuzia ubavu, hata wenye darubini zao wanaona uzi tu.

Jumapili mwezi ulipopatwa, mji mzima ulikuwa nje. Watu wametoka kusali sala ya kupatwa kwa mwezi, wamesimama wanaangalia ule wekundu, nami namwonyesha mpwa wangu Zohali, chini ya mwezi kidogo. Akakodoa macho weee, mwisho akasema, "Ile haichezi, mjomba." Basi, somo limekwisha.

Sayari ya Mirihi wala usijisumbue nayo. Januari ilikuwa inawaka, sasa imekwenda mbali, imefifia, na inazama mapema.

Utamu wenyewe uko alfajiri. Tarehe 12 Agosti sayari za Zuhura na Mshtarii zilikaribiana hata ukinyoosha mkono, kidole gumba kinazifunika zote mbili. Wavuvi walikuwa wanasukuma ngalawa majini, na Zuhura inang'aa mpaka imechora mstari wa nuru juu ya maji. Sasa zimeachana, Mshtarii imepanda juu zaidi. Ukiegemeza darubini ya mkono kwenye ukingo wa ngalawa isitikisike, unaona vinukta pembeni mwake, vimejipanga mstari mmoja. Ndiyo ile miezi minne aliyoiona Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, mwaka 1610. Kesho yake ukirudi, imeshabadilishana nafasi.

Ijumaa ya tarehe 19, kama saa kumi na moja alfajiri, mwezi mwembamba utakuwa jirani na Zuhura, upande wa baharini. Panda basi Alhamisi, ulale kwetu. Na ile darubini ya baba mkwe wako uje nayo, maana yangu kioo kimoja kimeingia ukungu wa chumvi.

Wako,
Hamza