Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: ganda la kirusi nalo lisomwe

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hapa Mbeya. Nachunguza jinsi VVU vinavyokuwa sugu dhidi ya kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na vijidudu, na nina ombi moja kwako.

Wanawake 1,924 kutoka nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Mbeya, walijitolea kwenye jaribio la kingamwili iitwayo VRC01. Walitundikiwa dripu kila baada ya wiki nane, wengine ya dawa, wengine ya maji ya chumvi yasiyo na dawa. Naomba tusiwasahau. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2021, yakijumlishwa na ya jaribio pacha la Amerika na Uswisi, ilionekana dawa haikuzuia maambukizi kwa ujumla. Lakini kwa virusi ambavyo VRC01 iliviweza vizuri, kinga ilifikia asilimia 75. Bahati mbaya, virusi vya namna hiyo vilikuwa kama asilimia 30 tu; vingine vilikuwa sugu.

Huwa naulizwa: usugu huo umetoka wapi, wakati hakuna aliyekuwa akitumia dawa hiyo? Umetoka ndani ya miili yetu. Kila aliyeambukizwa hutengeneza kingamwili zake mwenyewe. Kirusi nacho kikijinakili hukosea kila mara, maana kimeng'enya chake, yaani protini inayofanya kazi ya kunakili, hakirudi nyuma kuhakiki. Makosa mengi hukiua chenyewe. Machache hukibadilishia ganda: pale kingamwili iliposhika panageuka kidogo, au sukari zinazolifunika ganda zinahama na kuziba njia. Kirusi kilichoponyoka hivyo kinaweza kumfikia mtu mwingine.

Haya nayaona kwenye sahani yenye vishimo 96. Tunachukua kirusi bandia kilichovishwa ganda la kirusi cha mgonjwa, tunakichanganya na kingamwili, kisha tunaongeza seli zilizotengenezwa ziwake zikiingiliwa. Baada ya siku mbili mashine inasoma mwanga. Kishimo cha giza maana yake kingamwili imefanya kazi. Kuna sahani moja iliwaka safu nzima, hadi kwenye dozi ya juu kabisa. Niliirudia mara mbili nikidhani nimekosea vipimo. Iliwaka vilevile.

Sasa ombi lenyewe. Mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, ambaye dawa zimeshindwa kushusha virusi vyake anaweza kupimwa usugu wa ARV. Maabara husoma jeni za vimeng'enya vinavyolengwa na dawa, basi. Jeni ya ganda haiguswi, na plazma (majimaji ya damu) iliyobaki inalala kwenye jokofu. Naomba Wizara iagize sehemu ya plazma hiyo, pamoja na ya waliogundulika karibuni, isomwe ganda pia, bila majina, kwa ridhaa ya wenyewe, na isomwe hapahapa nchini.

Nasisitiza hapahapa kwa sababu virusi vyetu si vya jirani. Kusini mwa Afrika imetawala aina ya C. Sisi tuna A, C, D na michanganyiko yake. Watafiti sasa wanajaribu kuunganisha kingamwili mbili au tatu ili kirusi kikikwepa moja kinaswe na nyingine. Watachagua zipi? Watachagua zinazoviweza virusi walivyonavyo mezani. Vyetu visipokuwepo, tutaletewa dawa iliyopimwa kwa virusi vya Durban, tuje tugundue udhaifu wake kwa dada zetu wa Mwanza.

Fungu la kazi hiyo likumbuke pia vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara. Mwaka jana vyangu vilikwama miezi mitano vikisubiri karatasi. Nilipofungua boksi, barafu kavu ilishakwisha zamani na chupa zilikuwa za vuguvugu. Nilizishika mkononi nikashindwa hata kuongea.

Ukifika Mbeya, Mheshimiwa, naomba dakika zako kumi. Nitakuonyesha matokeo ya ile sahani iliyowaka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwanafunzi wa uzamivu, Mbeya