Unauza gari la spoti la zamani lenye injini ya kisasa? Anza na kadi

Wateja wanaotuletea gari la spoti la zamani tuwauzie, na ambao tayari wameshabadilisha injini, huuliza swali moja kabla hata ya kukaa: pesa niliyozamisha humu itarudi? Tunawajibu mapema ili tusipotezeane muda. Haitarudi yote. Kiasi kitakachorudi kinategemea mnunuzi anaweza kuthibitisha nini kwa macho yake na kwa karatasi, bila kutegemea maneno yako wala ya dalali.

Mtu wa Dar akitaka Mark II au RAV4 ana bei yake kichwani, ana fundi wake, na anajua spea atazipata wapi Kariakoo. Gari lenye bodi ya mwaka 1972 na injini ya miaka ya tisini hana pa kulipimia. Anaogopa, na anayeogopa hujilinda kwa kukata bei. Kazi yetu sisi wauzaji, na yako mwenye gari, ni kuiondoa hofu hiyo kabla gari halijapigwa picha hata moja.

Tuchukue Datsun 240Z, maana ndilo tunaloulizwa sana na ndilo tunalolipenda zaidi hapa gereji. Lilitoka mwaka 1969 likiwa na injini ya L24: silinda sita kwa mstari, lita 2.4, kabureta mbili. Afrika Mashariki ina historia yake na gari hili. Lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyelingana alama na Harry Källström wa Datsun nyingine hadi ikabidi kitafutwe kigezo cha kuwatenganisha. Ukiliegesha Coco Beach jioni ya Jumapili, wazee hulizunguka wakisimuliana mbio hizo, na vijana huinama kuuliza lina injini gani.

Makundi hayo mawili ndiyo soko lako. Mmoja anataka historia, mwingine anataka kuendesha. Ukishaweka injini ya turbo kama RB25DET ya Nissan Skyline au 1JZ-GTE ya Toyota umeshamchagua huyo wa pili, na ni vizuri ulijue hilo tangu mwanzo. Mbio za magari ya kale hutaka gari libaki na injini ya aina iliyotoka nalo enzi zake, kwa hiyo anayetafuta gari la kwenda kushindana huko si mteja wako.

Sisi hatuoni ubaya kwenye kubadilisha injini. L24 nzima ni kazi kuipata hapa mjini, na kabureta zake zinataka fundi aliyekua nazo. 1JZ-GTE ni ndugu wa injini zilizomo kwenye Mark II na Crown zinazozunguka Dar kila siku, kwa hiyo fundi hashangai akiifungua na vifaa vingi vinapatikana. Gari linalotembea kila wiki kwa injini ya kisasa lina maisha kuliko la asili linalooza chini ya turubai Mbezi Beach likisubiri kabureta. Lakini kubadilisha ni jambo moja, na kuuza kilichobadilishwa ni jambo jingine kabisa.

Kadi na injini viseme kitu kimoja

Kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wa injini. L24 ni cc 2,393. RB25 ni cc 2,498. Mnunuzi makini atafungua boneti akiwa na kadi mkononi. Atasoma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, kisha atashuka kwenye bloku kutafuta ya injini. Kama kadi inasema L24 na mbele yake kumekaa kitu kingine, mazungumzo yanaweza kuishia hapo hapo, na ana haki. Injini isiyo na maelezo inaweza kuwa imetolewa kwenye gari la wizi. Akishalinunua, yeye ndiye atakayesimama mbele ya askari kujieleza, wewe hutakuwepo.

Rekebisha kadi wewe mwenyewe kabla ya kuuza. Unahitaji kuonyesha injini ilitoka wapi, gari likaguliwe na wakaguzi wa polisi wa usalama barabarani, kisha TRA wabadilishe kumbukumbu. Ofisi ya TRA iliyo karibu nawe itakupa orodha ya viambatisho. Nenda uiulize kabla hujapanga foleni ya ukaguzi, utajiokolea nauli na siku ya kazi. Shida kubwa tunayoiona ni risiti. Mtu amenunua injini ya mtumba Gerezani, akakubali kupunguziwa kidogo ili asidai risiti ya EFD, leo anatafuta karatasi ambayo haikuwahi kuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama unasoma haya na bado hujanunua injini, dai risiti yenye namba ya injini hiyo, na kama kuna nyaraka za kuingizwa nchini omba nakala.

Angalia pia jina lililo kwenye kadi. Magari mengi ya zamani hapa mjini yamepita mikono mitatu, minne, na kadi bado ina jina la mzee aliyelinunua mwanzo. Kama si lako, mtafute huyo mzee au warithi wake sasa. Ukimkabidhi mnunuzi kamba hiyo aifuate mwenyewe, atakukata pesa ndefu, na wengine hawatarudi kabisa. Tazama vilevile kama namba ya gari ina madeni ya trafiki, uyalipe. Ni jambo dogo, ila mnunuzi akiligundua yeye kabla hujamwambia, ataanza kujiuliza ni nini kingine umenyamazia.

Kile ambacho fundi wa mnunuzi atakitafuta

Mnunuzi wa gari la aina hii haji peke yake, huja na fundi. Nasi tunapopokea gari tunalikagua kwa macho ya fundi huyo.

Tunaanza na mafuta. Pampu ya zamani ya 240Z ilisukuma mafuta kwenda kwenye kabureta kwa presha ndogo sana. Injini ya kisasa yenye injekta inataka presha inayokaribia mara kumi ya hiyo. Tumeshaona gari lililong'arishwa kila mahali, kumbe mpira wa mafuta ni ule ule wa enzi za kabureta, umekazwa kwa klipu ya kawaida, umepita karibu na eksozi ya turbo iliyokuwa ikipashana joto nao. Ukiubonyeza kwa kidole unasikia umekauka na kupasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Gari hilo lilikuwa linatembea na lilikuwa tamu kweli kuendesha. Lingeweza pia kuwaka moto kwenye foleni ya Mwenge na mtu akiwa ndani. Hatukuliuza mpaka bomba lote la mafuta, la kwenda na la kurudi, lilipobadilishwa. Tunarudia hili kwa kila mteja kwa sababu rangi na rimu vinaweza kusubiri, mpira wa mafuta hausubiri.

Linalofuata ni nyaya. Injini ya zamani ilikuwa na nyaya za kuhesabika. Ya kisasa ina kontroo boksi na sensa nyingi. Fundi atainama chini ya dashibodi aone nyaya zinapopenya kwenye bati. Kama pametobolewa tundu bila mpira wa kulinda, na viungio vimefungwa selotepu nyeusi inayonata mkononi kwa joto, atajua kazi nyingine zilifanywaje. Fungu zuri la nyaya ni lililofungwa pamoja, lenye fyuzi na rilei zake mahali pamoja, na mchoro wa nyaya kwenye bahasha. Mchoro huo ni kitu cha thamani kubwa. Siku taa ya injini itakapowaka, fundi yeyote ataweza kuanzia mahali fulani.

Joto nalo ni mtihani wa mji huu. Rejeta iliyotosha L24 haiitoshi injini yenye turbo, na Dar hakuna msimu wa baridi wa kuficha udhaifu. Tunaliwasha asubuhi likiwa baridi, tunalipeleka barabara ya Morogoro saa ya foleni, tunatazama geji ikae mahali pamoja na feni iingie na kutoka. Ukimkaribisha mnunuzi kwa majaribio usilipashe moto kabla hajafika. Anayejua ataweka kiganja kwenye boneti.

Breki na difu vinafuata nguvu. 240Z ilitoka kiwandani na diski mbele na ngoma nyuma, kwa injini iliyotajwa kuwa na nguvu za farasi 151. RB25DET ya Skyline R33 ilitoka na 250. Difu nyingi za 240Z ni R180, nyepesi. Waliofanya kazi kwa utulivu huweka R200, difu imara zaidi iliyokuja kwenye matoleo ya baadaye ya familia hiyo ya Z. Mnunuzi akisikia nguvu imeongezwa na breki zimeachwa, anaanza kujumlisha gharama kichwani, na hesabu ya mtu mwenye hofu huwa kubwa kuliko ya fundi.

Spidomita yake ya zamani inaendeshwa kwa waya wa kuzunguka kutoka kwenye giaboksi, wakati giaboksi nyingi za kisasa zinatumia sensa. Kama hakuna kifaa cha kuziunganisha, mshale hausogei, na kilomita zinazosomeka hazimaanishi kitu. Usiandike kilomita kwenye tangazo. Pima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda, kwa silinda zote sita mbele ya mashahidi, andika matokeo na tarehe, weka karatasi hiyo pamoja na kadi. Vipimo sita vinavyokaribiana vinamweleza mnunuzi zaidi kuliko kilomita za kukisia.

Kutu sitaiongelea sana, mwenye gari Dar anaijua. Hewa ya chumvi ya Msasani na Kigamboni haimwonei huruma mtu. Kwa 240Z tazama bati chini ya betri, sakafu, na reli zilizo chini ya sakafu. Picha za kutu kabla ya kuchomelewa zinauza gari. Puti iliyofunikwa kwa rangi inapigwa kwa kifundo cha kidole na kujulikana.

Injini ya zamani usiiuze chuma chakavu

Hili tunaomba kwa moyo wote. Kama L24 yako bado ipo nyuma ya nyumba, hata kama imekwama, iache. Ipake oili, ifunike, weka kabureta, manifoldi na maunti (vishikizo vya injini) kwenye boksi lenye jina. Gari linalouzwa pamoja na injini yake ya asili linaweza kurudishwa lilivyokuwa siku yoyote, na hapo yule mnunuzi wa historia anarudi mezani. Kwa sababu hiyo pia tunawashauri wanaoanza kazi: chomelea maunti za nyongeza, usikate za asili.

Kuhusu bei, usijumlishe risiti zako. Mnunuzi halipi masaa ya fundi aliyerudia kazi, wala injini ya kwanza uliyoitupa. Tunaanza na hali ya bodi, kwa sababu bodi ndiyo isiyopatikana. Kuleta nyingine kutoka nje, pamoja na usafiri na ushuru wa uchakavu, si mchezo. Kisha tunaangalia karatasi. Injini tunaihesabu ya tatu. Wengi wanaugua wakisikia mpangilio huo, lakini ndivyo wanunuzi wanavyofikiri, na tangazo likiandikwa hivyo hupata simu za watu walio tayari kuja kuona.

Kwenye tangazo sema wazi injini imebadilishwa, ni ipi, nani aliifunga, na nini bado hakijakamilika. Siku ya kuuziana, mkataba uandikwe kwa wakili utaje namba ya injini iliyomo na ya zamani kama inakwenda pamoja na gari. Nyote muwe na TIN, na umiliki uhamishwe TRA. Kumpa mtu kadi na sahihi halafu kila mmoja akaenda zake ndiko kunakoleta faini kwa jina lako. Mnunuzi akitaka bima kubwa, kampuni ya bima iambiwe injini ni ipi. Akiificha, atajikuta analipa mchango wa bima ambayo inaweza kukataa kumfidia.

Ukitaka tukuuzie, njoo na kadi halisi, kitambulisho, funguo zote na kila karatasi uliyonayo hata iliyochakaa. Lije likiwa baridi, kwa hiyo pigia mahesabu ya kuliacha kwetu usiku mmoja. Na tafadhali usioshe injini. Tunataka kuona oili inapovujia.